Picha Niliyoieleza Vizuri

Nimesahihisha karatasi za fasihi kwa miaka kumi na minne, na kazi hiyo ina ugonjwa wake. Jibu baya likipita mbele yangu bila kukatwa, mwili huniwasha. Mhubiri akieleza methali kombo, mimi hujikuna kwenye kiti mpaka jirani yangu anadhani nimeumwa na siafu. Nyumbani huwa namrekebisha mtangazaji wa habari naye yuko ndani ya televisheni. Watoto wangu hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka, hadi siku ugonjwa huo ulipomtoa mtu kazini.

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule yetu ya upili hapa Kitengela. Tuliketi meza moja katika chumba cha walimu, yeye upande wa dirisha kwa sababu alipenda mwanga, mimi upande wa mlango kwa sababu napenda kujua nani anaingia. Yeye alikuwa mwalimu wa bodi. Asiyeijua hali hiyo aielewe hivi: mimi nimeajiriwa na serikali, nikikosana na mwenyekiti wa bodi nitahamishwa tu. Yeye aliajiriwa na bodi yenyewe. Wakikosana, anakwenda kwao jioni hiyo hiyo.

Kwao ni Mashuuru. Alikuwa amengoja ajira ya serikali miaka sita, na kila mara fomu zilipotoka alihitaji barua ya bodi ya kumpendekeza. Barua ikikosekana, fomu haina kazi. Kwa hivyo alijifunza kunyamaza. Kwenye mikutano ya walimu alichonga penseli kwa kisu kidogo cha mchungaji, akizikusanya takataka zake kwenye kiganja, na akiulizwa maoni alisema yuko sawa na wengi. Mimi niliyekuja kutoka Magharibi na mdomo wangu mrefu nilikuwa nikimtania kwamba hata akikanyagwa atasema yuko sawa na wengi.

Kisha yakatokea mambo mawili katika kikao kimoja cha bodi.

La kwanza lilimhusu mpishi wetu, mama wa makamo, aliyekamatwa getini akiwa na kopo la githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe ya chakula cha wanafunzi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa chifu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu mrefu wa sauti ya taratibu, na alizungumzia maadili kwa muda mrefu siku hiyo. Yule mama alifutwa. Asubuhi yake alisimamishwa paredi mbele ya wanafunzi mia nane ili liwe funzo. Alishika lile kopo tupu kwa mikono miwili, kwa sababu aliambiwa alishike.

La pili, la uwanja wa shule, hatukuambiwa. Tuliliona. Tuliporudi kutoka likizoni, nusu ya uwanja wa mpira ilikuwa nyuma ya ukuta wa mawe. Muhula uliofuata maghorofa ya kupangisha yakaanza kupanda pale palipokuwa goli la chini. Kila mtu alijua ni ya nani. Wanafunzi wakaanza kucheza kwa goli moja, kila timu ikipewa zamu ya kushambulia, na sisi walimu tukasema ni mazoezi mazuri. Nami nilisema.

Mwaka huo huo ukumbi mpya wa shule ukakamilika. Mwenyekiti akamwita mwalimu wa sanaa na kumwomba achore picha kubwa ya kuning'inizwa nyuma ya jukwaa, atakapoketi yeye na wageni siku ya ufunguzi. Alitaka kitu cha heshima, chenye mila na dini ndani yake. Mwenzangu akasema sawa mzee, akaunganisha mbao mbili za plaiwudi, akajifungia stoo na mabaki ya rangi ya ukuta, na likizo nzima hakwenda Mashuuru.

Mimi ndiye niliyeonyeshwa kwanza. Nitaieleza ilivyokuwa, maana leo haipo.

Katikati aliketi mzee mkubwa kwenye kigoda. Nusu ya mwili wake ilikuwa imevaa koti la suti, nusu nyingine shuka nyekundu. Mkono mmoja rungu, mkono mwingine kitabu kinene. Mahali pa macho palikuwa na mihuri miwili ya ofisi, ya mviringo, ya wino wa zambarau. Mbele yake kondoo walipanga foleni wakiwa wamesimama kwa miguu miwili, na kila kondoo alikuwa amebeba ngozi yake mwenyewe mkononi, imekunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi. Kondoo walikuwa wanatabasamu. Miguuni mwanamke aliinama akimwosha mzee miguu kwa maziwa ya kibuyu, na maziwa yale yalipotiririka yaligeuka kuwa mawe ya kujengea, yale ya machimbo yetu ya hapa Kitengela, yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu. Juu kulikuwa na mizani. Upande mmoja bakuli la githeri, upande wa pili mlima wa majani mabichi wenye goli la mpira kileleni. Upande wa bakuli ulikuwa umelemewa kabisa, umeshuka mpaka chini. Mlima ulielea juu kama unyoya.

Niliitazama mpaka chai yangu ikapoa. Nilikuwa nimefundisha ishara na taashira miaka yote hiyo kutoka kwenye vitabu, na sasa zilikuwa zinanitazama kutoka ukutani mwa stoo, za mtu ninayekunywa naye chai.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii ni picha ama ni barua ya kuacha kazi?"

Akacheka kidogo. "Ni picha tu, Madam. Hawa watu hawasomagi picha. Wataona mzee, wataona kondoo, watapiga makofi."

"Na wakiuliza?"

"Ukiulizwa, sema ni mifugo. Mimi ni Mmaasai, nitachora nini ingine?"

Nikamuuliza kwa nini ajitie kwenye moto wakati barua yake ya mapendekezo iko mikononi mwa huyo huyo mzee. Akasema yule mama wa jikoni alikuwa akimwekea chai kila siku alipochelewa darasani, na siku ile ya paredi yeye alikuwa amesimama mstari wa mbele, na mama akamwangalia, naye akaangalia viatu vyake. Alitaka tu ile picha ikae nyuma ya kichwa cha mwenyekiti siku moja, mchana, mbele ya watu wote, hata kama hakuna atakayeelewa. Baada ya hapo wangeweza kuitupa.

Nikaahidi kwamba nikiulizwa nitasema ni mifugo. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa.

Bodi ilikutana alasiri, wiki mbili kabla ya ufunguzi. Picha ilikuwa imeletwa na kuegemezwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mjumbe mmoja alinung'unika kwamba mtu asiye na macho analeta mkosi, na mwalimu mkuu, ambaye huogopa hata kivuli chake, akashauri waite mtaalamu wa mambo hayo. Mtaalamu ni mimi. Nilipofika, mwenzangu alikuwa ameambiwa angoje nje, kwenye benchi la wazazi wanaokuja kulipa karo. Alinitazama, akainua nyusi kidogo. Nikampa ishara kwamba asiwe na wasiwasi. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Kabla sijaulizwa neno, mama mmoja mjumbe, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke mnene wa kilemba cha buluu, akaomba asaidie. Akasimama. Akasema picha hii yeye ameielewa vizuri na imembariki. Mzee ni mchungaji mwema. Hana macho ya mwili kwa sababu anaona kwa imani, na ile mihuri ni muhuri wa Roho. Kondoo wanajitoa wenyewe kwa mchungaji wao bila kulazimishwa, na ndiyo maana wana furaha. Maziwa ni neno safi, nalo neno likishika linakuwa mwamba wa kujengea nyumba. Na ile mizani ni sadaka ya maskini, kidogo chake kinashinda mlima wa tajiri.

"Na hizo miti tatu hapo juu ya mlima?" mwenyekiti akauliza.

"Hiyo ni lango ya mbinguni, mzee."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema amina. Mwenyekiti mwenyewe akaegemea kiti na kusema basi, ni nzuri, wapigilie misumari. Akanigeukia kwa adabu. "Madam, uko na kitu ya kuongeza ama tufunge na maombi?"

Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja. Ningesema sina, tungefumba macho tukaomba, na saa hiyo hiyo mwenzangu angekuwa anatafuta misumari.

Lakini lango la mbinguni lilikuwa limeniwasha kuanzia kwenye visigino. Nilimwona yule mama akiketi na alama zote ishirini, kwa jibu ambalo mimi ningelipa mbili kwa huruma. Nilihisi, na hili ndilo la aibu zaidi, kwamba nilikuwa namtetea mchoraji. Mtu amefanya kazi ya namna hii, likizo nzima, kwa mabaki ya rangi, halafu iitwe lango la mbinguni. Niliona ni dhuluma kwake.

"Samahani, mama," nikasema. "Maelezo ni mazuri, lakini picha haisemi hivyo."

Yule mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani anajiweka sawa kitini. Nikauvuta mguu wangu, nikaendelea.

Nilianza na mbinu. Nikaeleza kwamba katika sanaa ya aina hii kitu hakisimamii umbo lake, kinasimamia wazo. Nikasimama, nikachukua rula ya mwalimu mkuu ili nionyeshee. Nikaeleza koti na shuka: mamlaka mawili, ya serikali na ya mila, ndani ya mwili mmoja, hivyo asiyeguswa na hili ataguswa na lile. Nikaeleza mihuri, kwamba ni mamlaka yanayopitisha bila kuona. Nikaeleza kwamba tabasamu la kondoo ni kejeli, kwa kuwa anayejichuna mwenyewe humpunguzia kazi mwenye kisu. Nikaeleza kwamba maziwa ni mali ya umma. Mwenyekiti alisikiliza ameunganisha vidole. Kila nilipotua alisema, "Endelea, Madam," kwa ile sauti yake ya taratibu, na mimi sijawahi kupata mwanafunzi msikivu kama yeye.

Niliongea karibu nusu saa. Mara moja tu, mwalimu mkuu aliposogeza kiti, nilikumbuka benchi la nje, na nikapunguza sauti kidogo kisha nikaipandisha tena, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mizani, na mizani ndiyo iliyobeba picha nzima.

"Kwa hivyo huyu mzee ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Hapo nilishtuka. Nikaokoa nilichoweza. Nikasema si mtu, ni mamlaka kwa jumla.

"Mamlaka gani, kwa mfano?"

"Mamlaka yoyote," nikasema, "yanayohukumu bakuli na kusamehe mlima."

Sijawahi kusema sentensi nzuri kuliko hiyo, wala sitaraji. Nilimwona mwalimu mkuu, aliyekuwa katibu wa kikao, akiiandika katika kumbukumbu neno kwa neno. Kisha kalamu yake ikasimama. Hakuna aliyetazama picha tena. Wote walikuwa wanatazama meza. Yule mama wa kilemba cha buluu alikuwa amefumba macho, ingawa maombi hayakuwa yameanza.

"Asante sana, Madam," mwenyekiti akasema. "Umetufungua macho."

Nilitoka kupitia mlango wa upande wa sekretari, nikaenda darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na nilikuwa na kipindi. Nilifundisha ushairi. Niliandika ubeti ule ule ubaoni mara mbili, na wanafunzi wakaniuliza kama naumwa.

Barua aliyopewa mwenzangu jioni hiyo ilikuwa na mistari minne. Ilitaja mchoro usiofaa na utovu wa maadili. Alipakia penseli zake kwenye katoni ya karatasi, akaacha dirisha wazi kama alivyozoea, akaenda. Sikuwepo. Nilikuwa nimejificha maktaba, nikijiambia kwamba napanga vitabu.

Mume wangu nilimweleza wakati wa chakula. Alisikiliza akitafuna, akauliza, "Na ulitaka wakupe alama ngapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Sikumsemesha siku mbili.

Yule mama mjumbe nilikutana naye sokoni baada ya mwezi, anachagua nyanya. Nilitaka kupita. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, wewe ulifikiria sisi ni wajinga?"

"La, mama."

"Ile goli mimi niliona kabla wewe hujaingia kwa hiyo mlango. Kila mtu aliona. Mzee mwenyewe aliona, si ni goli yake. Kitu ikikuwa haijasemwa, mtu anaweza kaa chini yake. Ingekaa hapo ukutani miaka kumi. Lakini ukishasema, na ikaandikwa, atafanya nini?" Akarudi kwenye nyanya zake. "Nilikukanyaga hadi kiatu changu ikatoka."

Tangu siku hiyo sijui nifundishe nini. Bado nafundisha, mshahara unaingia, lakini ninapowaambia wanafunzi watafute maana iliyofichika nahisi nawafundisha kazi ya mpelelezi wa polisi. Mtu huficha maana kwa sababu kuna wa kumficha. Mimi niliichimbua, nikaiosha, nikampelekea yule yule aliyefichwa, na akanishukuru.

Picha ilipakwa rangi nyeupe na kufanywa ubao wa matangazo nje ya ofisi. Matokeo ya mitihani hubandikwa hapo. Ukumbi ulifunguliwa, nyuma ya jukwaa wakaweka picha ya simba iliyonunuliwa, na watu wakapiga makofi. Maghorofa yamefika orofa ya nne na yana wapangaji, wawili kati yao ni walimu wenzangu. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Yule mpishi anauza mahindi ya kuchoma karibu na stendi, na akiniona hunisalimu kwa heshima, jambo linaloniuma kuliko kama angenitukana.

Fomu za ajira ya serikali zilitoka mwaka uliofuata. Nilitafuta jina la mwenzangu katika orodha ya walioajiriwa mara tatu nikijua halitakuwemo, kwa kuwa barua ya bodi hakuwa nayo. Ndipo nikaamua kwenda kwao kumweleza. Nilikuwa nimejua kwa muda kwamba kumbukumbu za kikao ni siri na huenda hajui kilichosemwa ndani, na nilitaka asikie kutoka kwangu kabla hajasikia sokoni. Nilitaka anikasirikie. Niliona ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa.

Siku ya Jumamosi nilishuka Kajiado mjini, nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai ya mama yake, nikapanda gari la Mashuuru. Mvua ilikuwa haijanyesha misimu miwili. Nilimkuta kwenye boma la mama yake, anapaka rangi beseni za mabati za kuuzwa sokoni, nyekundu tupu, bila ua wala mchoro. Alikuwa amekonda. Alifurahi kuniona kiasi cha kunitia hofu. Alinitafutia kiti chenye mgongo, akakipangusa kwa shati lake, kisha akamwita mama yake kwa Kimaasai, nami niliambulia neno *yeyo*, yaani mama, basi.

"Namwambia ni wewe," akasema. "Yule mwalimu."

"Mwalimu, ngoja kwanza. Nimekuja kukwambia kitu."

"Hapana, acha mimi niseme kwanza, nimengoja kukushukuru. Ile siku nilikuwa kwa benchi. Maneno sikusikia, mlango ilikuwa imefungwa. Lakini sauti nilisikia. Yako peke yako, Madam, nusu saa. Wengine wote wamenyamaza. Nilikuwa nimekuambia useme ni mifugo tu, uende. Wewe ukasimama ukapigana na wao." Aliiweka brashi chini. "Walinifuta, sawa, hiyo nilijua inaweza tokea. Lakini nikikumbuka mtu alinitetea nusu saa nzima, naweza lala."

Nilifungua mdomo. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Kitengela yalikuwa pale pale, hayakupotea, niliweza kuyasema yote kwa mpangilio. Nilimtazama usoni nikaona kwamba hana kitu kingine. Kazi haipo, barua haipo, picha haipo. Amebaki na ile nusu saa. Nami sikujua, hata leo sijui, kama nilinyamaza kwa kumhurumia yeye au kwa kujihurumia.

Mama yake alitoka ndani. Alikuwa mzee sana, shanga zimelegea shingoni. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akanitemea mate mepesi, kama wafanyavyo wazee wa huko wakimbariki mtu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, sentensi moja moja, akitua baada ya kila moja.

"Anakuombea kwa Enkai, Mungu wetu," mwenzangu akanieleza. "Anasema akulindie huo mdomo. Anasema usikose kuwa nao siku watoto wengine wakihitaji. Yeye akinyamaza, wewe jibu *Naai*, ni kama amina."

Mama alitua, akinitazama.

"Naai," nikasema.

Akaendelea, akatua, nikaitikia tena, na tena, mpaka alipomaliza.